Merania na Mashine Kumi na Nane za Lyall

Merania Tūtaki hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakuwahi kujisingizia kuwa hivyo. Aliwahi kumnunia mleta maziwa miaka sita kwa sababu alimkanyagia mche wa boga. Nilipoolewa kwenye ukoo ule hapa Matawera, jambo la kwanza mama mkwe aliloniambia ni nisikalie kiti cha Merania jikoni, na la pili ni nijifunze kumenya viazi vitamu kwa kasi yake. La pili limenishinda. La kwanza nimelishika hadi leo.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Ujana wake wote aliutumia kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, akichambua manyoya mezani huku wanaume wakishindana nani amenyoa wengi. Mume alikufa mapema, watoto hakujaliwa. Kamati ya marae, yaani uwanja na jumba la mikutano la ukoo wetu, ilimpa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, akakaa nao miaka kumi na tisa. Shangazi yake alipofariki, akarithi na kazi ya kuwaita wageni. Kwetu mgeni haingii marae kama anavyoingia dukani. Anasubiri langoni, kimya, mpaka mwanamke wa wenyeji asimame kwenye baraza la jumba na kumwita kwa sauti ndefu. Anamwita yeye na wafu wake aliokuja nao, na anawataja wafu wetu waje kuwapokea. Mwanamke wa upande wa wageni anajibu, ndipo watu wanatembea. Merania alipoita, mbwa walinyamaza mpaka ng'ambo ya reli.

Lakini mjini alisifiwa zaidi kwa kujaza fomu.

Baa ya Lyall Pritchard ilikuwa na mashine kumi na nane za kamari kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha hata moja. Mashine hazikuwa zake, zilikuwa za Mfuko wa hisani wenye ofisi huko mji mkuu wa mkoa. Lyall alilipwa kuzitunza, serikali ilikata kodi yake, na katika kila dola iliyopotea mle ndani kama senti arobaini zilirudi kwa vikundi vya wananchi: timu za raga, shule ya chekechea, gari la wagonjwa, marae. Ila hazirudi zenyewe. Lazima ziombwe, na ziombwe kwa adabu: muhtasari wa kikao uliotiwa sahihi, makadirio ya mafundi wawili wasiojuana, hesabu za mwaka uliopita, sijui na nini tena. Kikundi kikikosea tarehe tu, fomu inarudi. Za Merania hazikuwahi kurudi. Magodoro ya msibani tunayolalia, yeye. Jezi za netiboli, yeye. Hita za chekechea, yeye huyohuyo.

Sasa hizo dola zilipotezwa na nani? Hapo ndipo sisi watu wazima wa Matawera tulipokuwa tunatazama viatu vyetu. Hapakuwa na watalii mle chumba cha nyuma. Walikuwemo majirani zetu, na aliyekuwemo kuliko wote, kiti cha mwisho karibu na mlango wa pembeni, alikuwa Pirihira, dada yake Merania wa tumbo moja.

Pirihira alikuwa mkubwa kwa miaka minne na mcheshi kuliko mdogo wake mara mia. Miaka thelathini alifunga nyama kwenye kiwanda, na kiwanda kilipofungwa alipewa kiinua mgongo kizuri. Kwa miaka mitatu Lyall alikula kiinua mgongo kile chote. Kisha gari. Kisha mbao za sakafu ya chumba cha wageni, alizoziuza kwa jamaa mmoja wa kukarabati nyumba, na tulipomuuliza alisema anataka hewa ipite. Tulicheka naye. Mungu atusamehe, maana Merania hatatusamehe.

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, Pirihira aliamka asubuhi moja, akavaa koti lake la kanisani, akaenda mwenyewe baa na kusema anataka kujipiga marufuku. Sheria ipo. Mtu akisema hivyo anapigwa picha, anatia sahihi, na kwa miaka miwili haruhusiwi kukanyaga chumba cha mashine. Picha yake inawekwa kwenye jalada nyuma ya kaunta ili kila mhudumu aijue sura. Mwenye baa akimwona ameingia, wajibu wake ni kumtoa. Pirihira alirudi kutoka kule akitetemeka, akaja jikoni kwetu akala sahani mbili za mchunga uliochemshwa na mifupa ya nguruwe. Akasema, "Nimekuwa mhalifu. Picha yangu imebandikwa."

Wiki saba alikaa bila kwenda.

Mwezi uleule Merania alikuwa kwenye fomu kubwa kuliko zote za maisha yake. Jiko la marae lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha tulipika tumevaa makoti, na mkaguzi wa afya alikuwa ametupa mpaka mwisho wa mwaka: tujenge jipya au tufunge. Marae bila jiko ni nini? Utamzika nani pale, kama huwezi kuwalisha waliokuja kumlilia? Dola laki moja na themanini elfu zilihitajika, na pesa hizo hakuna aliyekuwa nazo isipokuwa Mfuko.

Na Lyall alikuwa na mtindo wake. Kisheria mwenye baa hana sauti kwenye mgawo, hata fomu haruhusiwi kuigusa. Lakini Matawera fomu zote zilipitia mezani kwake kwanza. Yeye anachomeka kijibarua chake cha kupendekeza, kisha "anawapigia watu wake simu." Timu aliyoipendekeza ilijua kwamba Jumamosi baada ya mechi inakunywa kwake. Waliobisha, fomu zao zilipotea njiani. Tulimchekea, tukapiga naye picha tukishika hundi ile kubwa ya kadibodi, na Merania ndiye aliyeandika barua za shukrani.

Pirihira alikufa mwezi wa Julai. Umeme ulikatwa kwa deni, baridi ikapita kwenye ile sakafu iliyouzwa, ikamkamata kifua. Hakumwambia mtu. Wakati mhudumu wa posta anagonga mlango na kuchungulia, alikuwa amekufa siku mbili, yupo chini ya makoti yake yote. Bintiye Kiriwai alipanda ndege kutoka Perth, ng'ambo ya bahari, alikokuwa akifanya kazi ya kuendesha malori ya mgodini, akamlilia mama yake siku tatu kama ilivyo desturi, akamzika, kisha hakurudi Perth. Alihamia kwa Merania, chumba cha mbele.

Kiriwai ni mtu wa kutafuta. Alikuta kwenye mfuko wa lile koti la kanisani vikaratasi vya malipo vya mashine, na tarehe zake zilikuwa za baada ya picha kupigwa. Vilikuwa vitatu. Alivipeleka kwa Lyall akavitandaza kaunta.

Lyall hakutoa hata jasho. "Pole sana kwa msiba, mrembo," alimwambia. "Ila karatasi haina jina. Mama yako alipenda kuokota vitu chini. Sote tunalijua hilo, si ndiyo?"

Kiriwai alirudi nyumbani hajapandisha sauti. Aliingia jikoni ambako mimi na Merania tulikuwa tunasafisha kome, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo," akasema, "nataka kumvunja yule mtu. Sitaki anilipe, wala sitaki aniombe radhi. Nataka avunjike."

Merania hakuinua uso. "Atavunjika."

"Lini?"

"Wewe kaa. Mimi nilimnunia mleta maziwa miaka sita. Huyu nitashindwa?"

Nilidhani ni maneno ya msiba. Kumbe mwenzangu alikuwa haongei kwa msiba hata kidogo.

Wiki mbili baadaye barua ya Mfuko ilifika: jiko limepita. Pesa zote, hakuna hata dola iliyokatwa. Mzee Tiopira, mwenyekiti wetu, alilia hadharani kwenye ofisi ya posta. Lyall alituma salamu kwamba atakuja yeye mwenyewe marae kukabidhi, pamoja na ofisa wa Mfuko, na kwamba mpiga picha wa gazeti ameshaambiwa. Kiriwai aliposikia alipiga sufuria teke.

"Asikanyage pale! Mama yangu amelala nyuma ya jumba lile, hata nyasi hazijaota. Mama mdogo, usimwite. Usipomwita hawezi kuingia, atasimama langoni mpaka aote mizizi."

"Ataingia," Merania akasema. "Nitamwita mwenyewe."

"Kwa sababu ya jiko!"

"Nimesema nitamwita."

Kiriwai alimtazama mama yake mdogo kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa.

Asubuhi ya makabidhiano kulikuwa na manyunyu. Sisi wenyeji tulijipanga barazani, akina mama katika mavazi meusi tii ya msibani, maana Merania alikuwa ametuagiza hivyo bila kutoa sababu. Nje ya lango alisimama Lyall na suti yake ya kijivu, hundi ya kadibodi kwapani, ndefu kama mlango, imefungwa nailoni isilowe. Pembeni yake alikuwepo ofisa wa Mfuko, mama wa makamo anayeitwa Arapera Ruru, mtu wa pwani ya mashariki, mwenye lugha ya wazee wetu kamili mdomoni. Lyall alikuwa amemwomba awe mwitikiaji upande wa wageni. Yeye mwenyewe miaka ishirini na mbili ya kuishi kati yetu hakujifunza zaidi ya salamu.

Merania alitoka mbele. Manyunyu yanamshukia, anamtazama yule mtu. Dakika moja, mbili. Mpiga picha akaanza kukohoa. Lyall alibadilisha hundi kwapa la pili, akatabasamu, akainua kidole gumba.

Ndipo Merania akaita.

Nimesikia wito wake kwenye misiba na harusi zisizo na idadi, lakini ule ulinisimamisha nywele. Alimwita kwa heshima zote, neno kwa neno kama desturi inavyotaka. Njoo, mgeni uliyetoka mbali, njoo na wafu wako. Halafu sauti ikashuka. Njoo na Pirihira. Ulikuwa naye wewe mwisho, si sisi. Mlango wako wa pembeni ulimfungukia baada ya kuandikwa kwamba umefungwa. Mlete. Mlete huyo dada yangu uliyemkalisha kitini hadi akaganda, umrudishe kwa mama yake anayemsubiri.

Bibi mmoja nyuma yangu aliangua kilio. Kiriwai alishika nguzo. Na Lyall, baba wa watu, akitabasamu vilevile, akapiga hatua kuingia! Alidhani anakaribishwa. Ilibidi Arapera amshike mkono kwa nguvu, kwa sababu yeye alikuwa bado hajajibu, na pasipo jibu hakuna kutembea.

Arapera angeweza kuitikia maneno ya kawaida, kwamba tumesikia, tunakuja, amani kwa wafu wenu. Ndivyo ningefanya mimi kama mshahara wangu unatoka kule. Badala yake alivuta pumzi, akajibu kwa sauti ya juu kuliko ya Merania: Nimemsikia aliyetajwa. Ninakuja naye. Aliyemwona kwenye kiti kile aniambie mimi, nami nitambeba hadi panapostahili.

Wakaingia. Wazee walihutubia, tukaimba. Kisha zawadi. Kwetu zawadi inawekwa chini, katikati ya pande mbili, na mwenyeji anakwenda kuiokota. Ikibaki chini, imekataliwa. Watu wengine huweka bahasha. Lyall alilaza kadibodi lake zima kwenye nyasi zilizolowa, limeandikwa juu jina la baa yake kwa herufi nyekundu, akarudi nyuma akafuta mikono.

Mzee Tiopira alinyanyuka kwenda kuliokota. Alifika nusu. Akamgeukia Merania, na Merania akatikisa kichwa, hapana. Mzee wa watu, jiko liko pale miguuni pake, akasimama kama aliyesahau alichotumwa. Akarudi kukaa.

Basi kadibodi likabaki. Tulimpitisha Lyall kula chakula, maana hata adui analishwa, na alikula mguu wa kondoo vizuri tu, akiuliza kila mtu mbona hawajapiga picha.

Arapera yeye hakula. Alikuja moja kwa moja nyuma, kwenye lile jiko bovu, tulikokuwa mimi, Merania na Kiriwai. Alifunga mlango.

"Dada," akamwambia Merania, "umeniita mbele za watu nisikie, nimesikia. Sasa nipe kitu ninachoweza kubeba."

Kiriwai alitoa vile vikaratasi vyake vitatu. Arapera aliviangalia moja moja akavirudisha.

"Havina jina, mwanangu. Wahudumu wake nitawauliza, lakini wale wanakula kwake, watasema hawakumwona. Ninataka mtu aliyemwona Pirihira kwa macho, kwenye mashine, baada ya siku aliyotia sahihi. Na Lyall awepo. Mtu mmoja tu. Aandike, aweke tarehe, atie sahihi. Nikipata hilo, mashine ni zetu, tunaweza kuzitoa, na wakaguzi wa serikali watafanya ya kwao. Mnajua halmashauri yenu ilishapiga kura. Mashine zikitoka Matawera hazirudi milele, si kwake, si kwa atakayenunua baa."

"Na jiko?" nikauliza mimi. Nilikuwa na mwiko mkononi, nilijihisi mjinga.

Arapera hakunidanganya. "Fomu yenu ina kijibarua cha Lyall ndani. Nilikiona, nikajitia hamnazo, na mimi nitawajibika kwa hilo. Faili lake likifunguliwa, lenu linafunguka nalo. Hakuna jiko."

Maji yanachuruzika kutoka darini kwenye beseni.

"Nani aliyemwona?" Kiriwai akasema. "Nitakwenda nyumba kwa nyumba. Lazima yupo aliyemwona, mji wenyewe huu kiganja!"

"Yupo," Merania akasema.

Alivuta kiti chake, akakaa, akapangusa mikono kwenye aproni. Alimwambia Arapera, lakini macho yalikuwa kwa Kiriwai.

"Mimi. Alhamisi, wiki tatu kabla hajafa. Nilikwenda kumpelekea Lyall makadirio ya fundi wa pili, yalikuwa yamesahaulika kwenye fomu. Saa tano asubuhi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Piri alikuwa kitini kwake, amenipa mgongo, amevaa koti la kanisani. Lyall alikuja akasimama kati yetu. Akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza. Akasema, 'Jiko lenu linaiva, Merania. Watu wa Mfuko wanakaa wiki ijayo.'"

"Ukafanya nini?" Kiriwai akauliza.

"Nikampa makadirio."

"Halafu?"

"Nikaondoka."

Nilitamani niwe mahali pengine popote. Kiriwai hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, midomo inacheza.

"Alhamisi ile nilimpigia simu mama," akasema polepole. "Ilikuwa mapumziko yangu ya asubuhi, huku kwenu mchana. Niliuliza uko wapi, nasikia kelele. Akaniambia yuko kwako. Mnakunywa chai. Nikafurahi, unajua? Nilifurahi siku nzima. Nikamwambia, msalimie mama mdogo."

Merania alifumba macho. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona akifumba macho mbele ya mtu.

Kisha akayafumbua, akamwambia Arapera, "Nipe kalamu."

"Dada, fikiri kwanza. Hii itasomwa kwenye kikao chenu. Kila mtu wa ukoo atajua ulimwona ukanyamaza."

"Ndiyo maana nimewaita wote waje na nguo nyeusi. Nipe kalamu."

Aliandika kwenye mgongo wa orodha ya vyakula vya siku ile, kwa mwandiko wake ule mzuri uliotupatia magodoro na jezi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Aliandika nilimwona, aliniona, aliniambia hivi, nilinyamaza kwa ajili ya jiko. Akaweka tarehe, akatia sahihi. Halafu akaniambia mimi nitie sahihi ya shahidi, na nikatia.

Walipotoka wageni, kadibodi lilikuwa limejikunja kwenye nyasi, nailoni imefunguka, herufi nyekundu zimechuruzika. Lyall aliliokota mwenyewe. Alilazimika kulikunja mara mbili ndipo likaingia kwenye gari.

Ilichukua miezi mitano. Arapera alipoteza cheo, nasikia sasa anafundisha lugha yetu shuleni. Wahudumu wawili wa baa walianza kukumbuka mambo walipoona barua ya kwanza ya serikali. Kikao chetu cha ukoo kilisoma maelezo ya Merania kwa sauti, naye amesimama mbele muda wote, mikono nyuma. Wapo waliomwambia amemuua dada yake. Wapo waliomwambia, na hao ndio walioniudhi zaidi, kwamba angenyamaza basi mpaka mwisho, sasa jiko limekufa na Pirihira hajafufuka. Dukani nahodha wa raga alimwambia, "Bibi, vijana wetu watacheza uchi mwaka huu kwa sababu yako." Merania akamjibu, "Wacheze. Wana nini cha kuficha?" Walimvua ukatibu. Kazi ya kuwaita wageni hawakuthubutu kumvua, hakuna mwingine mwenye sauti.

Mkaguzi wa afya alitufungia jiko mwezi wa Desemba. Tunapika chini ya turubai, na mkate tunaukaanga nyumbani kwangu.

Muda wote huo Kiriwai aliendelea kuishi chumba cha mbele. Alipika, alifua, alimpeleka Merania hospitali kwa ajili ya magoti. Alimwita mama mdogo kama kawaida. Mimi nikajidanganya kwamba yamekwisha. Siku moja nilimwambia Merania, "Naona mtoto amekusamehe." Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi, akasema, "Yule ni damu yangu, wifi. Unadhani alijifunza wapi?"

Lori la kuzichukua mashine lilikuja Februari, mchana kweupe, jua linachoma. Nusu ya mji ilitoka kutazama, wengine wakiwa na viti vyao. Merania alivaa koti la kanisani la marehemu dada yake, lilimbana mabegani, akasimama mbele kabisa barabarani. Mafundi walizitoa moja moja kwenye vigari vya magurudumu, nyaya zinaning'inia. Mchana zilionekana ndogo, mbovu, na plastiki imechubuka. Lyall alisimama mlangoni. Baa alikuwa ameshaiweka sokoni na hakuna aliyeitaka, kwa maana bila chumba cha nyuma haikuwa na faida hata ya sabuni. Alikuwa amekonda. Alipomwona Merania alifungua mdomo, na Merania akaweka kidole mdomoni, akamkonyeza.

Alizihesabu zote kwa sauti mpaka ya kumi na nane. Mlango wa lori ulipofungwa aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona meno yake. Kiriwai alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Umeona, mwanangu?" Merania akasema. "Si nilikuambia atavunjika?"

"Nimeona, mama mdogo," Kiriwai akajibu, kwa upole kabisa, akimrekebisha kola ya lile koti. "Yeye tayari. Bado wewe."

Merania hakushtuka. Alimwangalia yule binti kwa muda, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali tarehe ya kikao.

"Najua," akasema. "Mimi nipo nyumbani kila siku."

Wakaondoka pamoja kwa miguu kuelekea kwao, Kiriwai amemshika mkono kwa sababu ya magoti.